Ringi ya Kushonea Mfarishi: Uliza Mkono wa Chini

Mara ya kwanza nilipoingia Ngamiani kutafuta ringi, muuzaji alininyooshea mkono kuelekea duka la ng'ambo ya barabara. "Ringi utapata kwa yule, mama. Unataka namba 26 au 28?" Nikamwambia sina baiskeli, nataka ringi ya kudarizi, zile pete mbili za kubania kitambaa kinaposhonwa. Akacheka, akaomba radhi, akainama nyuma ya kabati la kioo na kuibuka na boksi lililojaa vumbi. Tanga ndivyo ilivyo. Ukisema ringi ukanyamaza, wewe ni mtu wa baiskeli.

Ndani ya boksi mlikuwa na ringi za plastiki, za waridi na za kijani, zile ambazo mabinti hudarizia vitambaa vya makochi. Nikachukua iliyo kubwa kuliko zote, nikarudi nayo Makorora nikiringa kweli. Karibu kila kitu nilikosea siku hiyo, na mengi nitakayokueleza humu nimefundishwa na ringi ile ya waridi.

Mfarishi ninaouzungumzia ni wa tabaka tatu. Juu kitambaa cha kupendeza, iwe kanga nzima au vipande vya vitenge vilivyoungwa. Katikati kitu cha kujaza. Chini bitana. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono midogo ya mkono inayopita zote tatu, na mishono yenyewe ndiyo huwa pambo. Kwa joto letu mie sijazi pamba nene. Naweka flaneli, au blanketi jembamba la zamani lililofuliwa mpaka likalainika. Sufi nawaachia wenye mito. Inateleza, inakimbilia pembeni, ukifua mara mbili una mfarishi wenye mabonge kama ugali uliosongwa vibaya.

Je, ringi ni lazima? Si lazima. Bibi yangu alishona kofia za mkono miaka yake yote na hakuwahi kuishika. Kofia ni ndogo, unaibana kwa vidole na kazi inakwenda. Na wapo washonaji wa mifarishi wasioitaka kabisa. Wasidi wa jimbo la Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika kama sisi, wana mifarishi yao iitwayo kawandi. Huanza kushona ukingoni, wakazunguka taratibu kuingia ndani, kipande kinaongezwa kadiri mkono unavyosogea, na kazi nzima imelala mapajani. Kwa kuwa kila kipande kinashonwa palepale kinapowekwa, hakuna cha kukimbia. Lakini ukishona kama ninavyoshona mie, yaani kuzipanga tabaka zote tatu kwanza ndipo uanzie katikati ukitoka nje, ringi ndiyo inayoizuia bitana isijikunje kule chini usikokuona. Niliwahi kushona mfarishi mzima bila ringi kwa ubishi tu. Nilipougeuza nikakuta mikunjo mitatu imeshonewa ndani, mmoja mrefu kama penseli. Nikafumua siku mbili.

Sasa ukubwa. Watu huchagua ringi kwa jicho. Mfarishi ni mkubwa, basi na ringi iwe kubwa, ili nisiihamishe mara kwa mara. Ukisikia hivyo unaona ni hesabu sahihi. Jicho halishoni, mwenzangu. Anayeshona ni mkono wa juu ulioshika sindano na kuvaa subana, kile kikofia cha kidole cha kusukumia sindano, na anayeteseka ni mkono wa chini, ule uliojificha chini ya kitambaa ukipokea ncha ya sindano na kuirudisha juu. Huo ndio unaopaswa kuulizwa, nao hautaki makuu. Unataka kufika katikati ya ringi bila bega kupanda.

Huna haja ya kwenda dukani kulijua hilo. Ingia jikoni. Chukua ungo, chukua mfuniko wa sufuria kubwa, chukua na sahani ya kulia wali. Kaa kwenye kiti kilekile utakachoshonea, kisiwe kingine. Anza na ungo: uweke mapajani, ukingo wa karibu uguse tumbo, ukingo wa mbali uegemee meza. Pitisha mkono usioshika sindano chini yake, uguse katikati kwa ncha ya kidole cha shahada. Sasa tulia hapohapo na uhesabu mpaka mia, polepole, kama mtu anayehesabu tasbihi na hana haraka ya kuondoka msikitini.

Ungo wangu una inchi 20 na kidogo. Nilipofika 40 bega lilikuwa limepanda karibu na sikio, mgongo umepinda, na kidole kinatetemeka. Kumbuka huo ni ungo mtupu, hauna uzito wa mfarishi. Sahani ya wali nayo, inchi 10, mkono ulifika katikati ukapita, vidole vikaanza kugongana na ukingo wa upande wa pili. Mfuniko wa sufuria, inchi 14, ndio uliokaa. Kiwiko kimelala ubavuni, bega limetulia, na nilipofika mia nilikuwa nimeshasahau kwamba nahesabu. Nikachukua futi kamba nikapima mfuniko, na namba hiyo nikaiandika ukutani jikoni kwa mkaa.

Inchi 14, kama sentimita 35, ndiyo saizi ambayo washonaji wengi wa mfarishi duniani huishia kwayo. Lakini usiichukue kwa kuwa nimeitaja. Binti wa kaka yangu, msichana mrefu kama mnazi wa Sahare, anashonea ya inchi 18 na haoni shida. Mie ningeikumbatia kama usukani wa lori. Mtu mfupi, au mwenye kifua kikubwa, au mjamzito, apunguze mpaka 12. Ukipita 20 utahitaji ringi yenye miguu ya kusimamia, maana mapaja peke yake hayaibebi. Ya inchi 10 inafaa foronya na vishuka vya mtoto mchanga. Zipo pia za umbo la yai, nzuri ukishona pindo refu la kanga, kwa kuwa mkono unafika katikati kwa upande mwembamba huku sehemu ya kushonea ikibaki ndefu. Kama una pesa ya ringi mbili, ya pili iwe hiyo. Kama ni moja tu, chukua ya duara.

Kimo cha pete

Ringi yoyote ni pete mbili, ya ndani nzima na ya nje iliyokatwa mahali pamoja na kufungwa kwa parafujo. Ile ya kudarizi ina pete nyembamba, kimo chake sentimita 1 au pungufu, kwa sababu inabana kitambaa kimoja. Mfarishi ni vitambaa vitatu vinavyotelezeana. Pete yake inatakiwa iwe na kimo cha sentimita 2 mpaka 2.5, na parafujo iwe ndefu, urefu wa kidole cha shahada hivi, ili pete ya nje iachie nafasi ya kumeza unene wote huo bila kulazimishwa.

Ringi yangu ya waridi ilikuwa na kimo cha kucha. Parafujo niliilegeza mpaka mwisho, nikaisukuma pete ya nje kwa magoti, ikaingia. Nikashona mishono sita, pete ya ndani ikaruka kama chura ikaenda kugonga birika. Nikairudisha. Ikaruka tena. Mwishowe nikaifunga pembeni kwa mpira wa kufungia pochi, nikaona nimekuwa fundi.

Ndani ya ringi hiyo palikuwa na mfarishi wa mtoto wa wifi yangu, wa kupelekwa siku ya arobaini. Juu kanga ya rangi ya maziwa yenye maua mekundu, kitu cha kupendeza. Ulikuwa mwezi wa nne, masika imeshika, kila kitu nyumbani kimelowa hata chumvi imeganda. Nikapata mgeni, nikaiacha kazi ndani ya ringi juma zima. Niliporudi kuifungua, kanga ilikuwa na alama ya duara kama sahani iliyochorwa kwa kidole, na pale parafujo ilipokaa pana doa la kutu, kahawia, kubwa kuliko punje ya mtama. Alama ya duara ilitoka kwa kufua na kupiga pasi. Doa halikutoka. Nikakamulia ndimu, nikanyunyiza chumvi, nikaanika juani, ile dawa ya mama zetu. Kutu kweli ikaondoka. Ikaondoka na ua moja jekundu pia. Nilishona kipepeo cha kitenge juu ya pengo, na wifi mpaka leo anausifia ubunifu wangu.

Kwa hiyo sisi wa pwani tuna swali ambalo mshonaji wa bara anaweza kulisahau: parafujo ni ya chuma gani? Hewa ya bahari haina huruma na chuma cha bei rahisi. Tafuta ya shaba ya njano, ile inayong'aa kama kengele ya baiskeli ya zamani, au isiyoshika kutu. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa kabati. Ikiinasa parafujo kwa nguvu, huenda hicho ni chuma kilichopakwa rangi tu. Ukiikuta ringi nzuri yenye parafujo mbaya, usiiache. Inunue, halafu parafujo yake umpelekee fundi wa vifaa vya ujenzi, mwambie akupe ya shaba ya unene na urefu uleule.

Mbao, plastiki au bomba

Plastiki nimekwisha kuisema vibaya, ila niitendee haki. Haivimbi kwa unyevu na haina rangi ya kumwaga. Kwa foronya, mtu anayeanza, sawa. Shida yake ni utelezi, na ukiisahau dirishani jua huilegeza ikapoteza ule ubishi wa kubana.

Mimi ni mtu wa mbao. Mbao huvimba kidogo masika na kusinyaa kiangazi, na hilo ndilo watu wanaliogopa, lakini parafujo ipo kwa kazi hiyo. Ya kwangu ilitengenezwa na mzee mmoja fundi wa matari. Nilimfuata baada ya kulitazama tari ukutani kwa jirani na kujiambia, hii si ringi hii? Kimo kilekile, duara lilelile.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Tari la maulidi?"

"Nataka ubao wake tu, mjomba. Ngozi baki nayo."

Alinitazama kwa muda. "Tari lisilo na ngozi. Utalipigaje?"

Nikamtolea sampuli ya kitambaa, nikamweleza: pete mbili, ya ndani inchi 14, ya nje iizunguke na iwe imekatwa. Alitumia mtiki, ule unaotoka mashamba ya Longuza upande wa Muheza. Mtiki ni mgumu kuupinda lakini ukishapinda hautaki tena kurudi, na wadudu hawaupendi. Ana mkono mzuri yule mzee. Alipomaliza akaweka kitambaa changu ndani, akakaza parafujo kwa bisbisi mpaka mishipa ikamtoka, akapiga kwa vidole viwili. Dum. "Linalia!" akasema, amefurahi. Nikaichukua, nikailegeza mizunguko mitatu, nikabonyeza kitambaa kikazama. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyepasua chungu.

Hapo ndipo wengi hukosea, hata wenye ringi nzuri. Kudarizi kunataka kitambaa kikazwe kama tari lililopashwa moto kabla ya kuingia kwenye maulidi. Mfarishi hautaki hivyo. Weka kiganja katikati ubonyeze. Kitambaa kizame inchi moja au zaidi kidogo, kama kitanda cha kamba kinavyozama mtoto akikaa, halafu kirudi. Kikibaki kimekaza huwezi kuushona ule mshono wa kubembea, na utabaki kuchoma sindano mojamoja, juu, chini, juu, chini, mpaka idd.

Mshono wenyewe uko hivi. Sindano iwe fupi, namba 9 au 10. Namba ikipanda sindano inapungua, usishangae. Uzi wa pamba, urefu kama kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, usizidi, la sivyo utajifunga mafundo. Subana kwenye kidole cha kati cha mkono wa juu. Simamisha sindano wima kabisa, tako lake limekaa ndani ya kishimo cha subana, hakuna kidole kingine kinachoishika. Isukume chini mpaka kidole cha chini kisikie ncha. Kisikie tu, kisichomwe. Hapohapo kidole cha chini kinainua kitambaa, kinafanya kilima kidogo, na subana inalaza sindano ubavu mpaka ncha inachungulia juu, nukta tu ya kung'aa. Ikichungulia, isimamishe tena wima, ishuke, kilima kingine, ilaze, ichungulie. Ukiwa na mishono mitatu au minne kwenye sindano, vuta uzi wote kwa pamoja. Kile kilima hakiwezekani bila ulegevu, na ukikaza kitambaa umekinyang'anya kidole cha chini kazi yake. Anayeanza atapata mishono 5 au 6 kwa inchi moja, na ikiwa sawasawa ni kazi nzuri. Mabingwa hufika 10 na kupita. Kidole cha chini kitauma juma la kwanza, halafu kitaota sugu, halafu utasahau.

Nirudi kwenye mbao. Ukienda kununua iliyotengenezwa tayari, usitoke mikono mitupu. Beba kipande cha kanga, cha flaneli na cha marekani (kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi), kila kimoja nusu mita, vilivyopangwa kama mfarishi. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Kwanza ifunge ringi ikiwa tupu, uinyanyue kuelekea mlangoni. Ukiona mwanga unapita kati ya pete mbili mahali popote isipokuwa kwenye parafujo, hapo ndipo kitambaa chako kitakapochomoka. Kisha itenganishe, ulaze pete ya ndani juu ya kabati la kioo na uiguse kwa kidole upande mmoja halafu mwingine. Ikitikisika kama meza ya mguu mfupi, imepinda, irudishe. Pitisha ukucha pale mbao ilipoungwa: ukikwama, uzi nao utakwama. Halafu ndipo uweke sampuli yako, ufunge, ubonyeze, uvute kanga kutoka pembeni. Ikivutika bila ubishi, ringi hiyo ni ya pambo la ukutani.

Vanishi siipendi. Kwenye joto la hapa mwezi wa pili hunata, ikiacha harufu na rangi kwenye kitambaa. Mbao tupu iliyopigwa msasa laini inatosha, ingawa mtiki una mafuta yake ya asili na unaweza kukipaka doa kitambaa cheupe. Dawa ni kuivisha nguo. Chana ukanda wa marekani au kanga kuukuu, upana wa inchi moja, uuzungushe pete ya ndani kwa mshazari, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, uvute usilegee, na mwisho wake ushone kwa mishono michache upande wa ndani. Gundi usitie, maana ukanda huo utaufungua kila baada ya miezi kadhaa uufue. Ukishaivisha, ringi hubana mara mbili ya mwanzo na hata kasoro ndogo za fundi hazionekani. Ringi ya waridi nayo niliivisha hivyo, na sasa binti wa jirani anadarizia mashuka yake ya harusi.

Kuna na fremu za bomba la maji la plastiki. Vipande vinne na elbo nne vinakupa mraba. Juu ya kila bomba unabana kwa kipande cha bomba kilichopasuliwa ubavuni kwa urefu, kikae kama kibanio. Haishiki kutu, haina parafujo, inafunguka vipandevipande ukisafiri. Na kwa pembe za mfarishi inashika vizuri kuliko duara. Mie huichukua nikienda Pangani kwa dada. Nyumbani siipendi kwa sababu pembe zake zinanichoma mapajani. Hiyo ni hoja ya mapaja yangu, ya kwako yaulize mwenyewe.

Kabla hujafunga ringi

Ringi itahamahama mara nyingi, na kila ikihama inavuta tabaka. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla yake: kupiga bandi, yaani kushikiza tabaka kwa mishono ya muda. Fua kanga mpya kwanza, wanga na rangi ya ziada vitoke. Tandaza bitana juu ya mkeka, uso wake chini, uivute pembeni isiwe na mkunjo, juu yake flaneli, juu yake kanga. Piga bandi ukianzia katikati, mishono mirefu ya uzi wa rangi tofauti, mistari iachane kwa upana wa kiganja, kama inchi 4, ya kwenda na ya kukatisha. Mshonaji wa fremu kubwa, ile ambayo mfarishi mzima unanyooshwa juu yake, anaweza kupunguza bandi. Sisi wa ringi hatuwezi. Wifi aliniuliza kwa nini napoteza nusu siku kushona kitu nitakachokifumua. Nikamwonyesha ule mfarishi wa mikunjo mitatu.

Mara ya kwanza kufunga ringi, iwe katikati ya mji wa kanga, ule uwanja ulio ndani ya pindo. Weka pete ya ndani chini, lainisha kitambaa juu yake kwa viganja, shusha pete ya nje, kaza, halafu geuza uitazame bitana. Kila unapohamisha ringi, geuza. Ni nusu dakika. Kisha legeza mpaka kizame kama nilivyosema. Parafujo ielekeze mbali nawe, upande usio wa mkono wenye sindano, la sivyo kila uzi utajinyonga pale.

Nikishona kanga, jina, yaani yale maneno yake, huwa nalipitishia mshono pembezoni mwa herufi tu, sikati maneno. Na jina liko karibu na pindo la chini, mahali ambapo ringi ya duara inaanza kukosa cha kushika upande mmoja. Hapo shikiza kwa bandi ukanda wa kanga ya zamani, upana wa inchi 6 hivi, kwenye ukingo wa mfarishi. Ringi itauma ule ukanda, na wewe utashona mpaka mwisho kabisa. Ukimaliza unaufumua. Ukanda wangu mmoja una miaka na maneno yake yamefutika, limebaki neno "mwenye" peke yake.

Uzito wa mfarishi usiuache uning'inie. Kiti cha pili kando yako, juu yake shuka safi, mfarishi ulale hapo. Ukining'inia unavuta ringi, ringi inavuta bega, na ule mtihani wa jikoni unakuwa kazi bure. Kwa joto pia inasaidia: ni ringi tu iliyo mapajani, si mfarishi wote. Mie nashonea barazani asubuhi mpaka saa nne, kabla jua halijazunguka, na siku za kiangazi sigusi tena mpaka alasiri.

Jioni itoe ringi. Hata kama umebakiza mishono kumi, hata kama unarudi baada ya kula. Ingiza sindano kwenye kitambaa karibu na ulipoishia, lakini iwe nje ya mistari utakayoshona, maana nayo ikilala hapo inaweza kuacha kutu. Kunja mfarishi kwa kuuviringisha. Pete mbili zirudishe moja ndani ya nyingine, parafujo ikiwa imelegea, uzitundike kwenye msumari mbali na dirisha. Zangu hukaa jikoni juu ya ungo. Kama nyumba ina wajukuu tundika juu zaidi, kwa sababu nimekwisha kuikuta ya inchi 14 barazani ikiwa usukani wa basi la Tanga kwenda Dar, na kondakta ananidai nauli.